Kugusa Kituo

Ofisini kwetu, Omaha, kila mtu hugusa kituo.
Bosi huandika, "Tuguse kituo Alhamisi,"
na Alhamisi ikifika hakuna anayegusa kitu,
si bega, si kiganja, si hata kikombe cha mwenzake.
Maana yake ni hiyo tu: nikusikie kidogo, unisikie,
kisha kila mmoja arudi kwenye yake.

Nikamwambia Baba vivyo hivyo kwa simu,
nikila sandwichi garini, dakika nane zimebaki:
"Nagusa kituo tu, Baba."

Kimya. Nikasikia jokofu lake likinguruma.
Delbert Hruska, miaka thelathini na mmoja mwamuzi wa besiboli
kwenye viwanja vya vumbi, mahindi huku, reli kule,
hakujibu kama watu wanavyojibu.
"Kwa mguu gani?" akauliza.

Nikacheka. Yeye hakucheka.
Akanisimulia kijana mmoja, mwaka wa mafuriko:
alipiga mpira ukavuka ua, ukavuka reli,
ukapotelea shambani mwa watu.
Uwanja mzima ukasimama. Mama yake akalia.
Naye akakimbia akipunga kofia,
akakikosa kituo cha pili kwa upana wa kidole.

"Wapinzani wakaja kuniuliza. Nilikuwa nimeona.
Nikainua ngumi.
Mpira ulikwenda usikorudi, na mbio zake hazikuhesabiwa.
Yule mama hakunisalimu tena kanisani, mpaka kaburini.
Kupita karibu si kugusa, Corinne."

Nikasema nina mkutano. Akasema haya.
Hakuna aliyekata simu.

Jumamosi ya tatu (ya kwanza nilikuwa na mafua,
ya pili sina la kujitetea)
niliendesha saa mbili na nusu hadi kwake.
Nimemkuta kalala kitini, televisheni inajisemea.
Nikakanyaga zulia la mlangoni, kwa kisigino, kwa makusudi.
Nikapitia pembeni mwa kiti cha Mama,
kile chenye mto wa bluu ambao hakuna anayeuketia.
Nikaligusa jokofu, lilikuwa la moto ubavuni kama mnyama.
Nikamwekea mkono begani.

"Cha pili umekiruka," akasema,
macho bado yamefumbwa.

Nikarudi.