Kijiti Cheupe

Dukani kwa Yoeli, Barabara ya Tisa,
upepo wa Agosti huingia kabla ya wateja
na kuacha vumbi jekundu juu ya sufuria mpya.
Nimekuja na kisu ndani ya gazeti la juzi
na nyanya mbili mfukoni mwa koti.

Yoeli anacheka: Mzee, umekuja kununua au kupika?
Vyote, namwambia. Leta vijiti.

Analaza vitatu juu ya kioo cha kaunta.
Cha chuma, chenye mistari kama bati la paa:
hicho hakinoi, hunyoosha tu makali yaliyolala.
Nilikitumia miaka kumi na tisa
katika jiko la shule, Mpwapwa,
kisu kikinisikiliza kwa adabu asubuhi
na jioni kikarudia ubutu wake.
Cha pili kimepakwa unga wa almasi,
kinakwaruza ukucha kama ulimi wa ng'ombe.
Huyu, nasema, ni Malogo mwingine.

(Malogo hupita Chang'ombe kila Jumamosi
na baiskeli aliyoifunga jiwe la kunolea.
Anakanyaga, cheche zinaruka, watoto wanashangilia.
Kisu cha mke wangu kilimwendea kipana kama kiganja,
kikawa kinarudi kimekonda, mwaka hadi mwaka,
mpaka kimebaki unyasi.
Kikali, ndiyo.
Lakini nani atanoa kisu kilichokwisha?)

Cha tatu ni cheupe.
Laini, baridi, kama shingo ya birika la wageni.
Kauri, anasema Yoeli. Kikianguka kinavunjika.
Kikianguka kinavunjika, narudia taratibu,
nikiifikiria sakafu yetu ya saruji
na vidole vya Sechelela
ambavyo siku hizi huangusha hata kijiko.

Hiyo ndiyo habari yenyewe. Baridi yabisi.
Kisu butu humdai nguvu asizonazo.
Kitunguu anakisukuma badala ya kukikata,
halafu ananikabidhi kisu bila kuniangalia,
yeye aliyekuwa akimgawa kuku viungo kumi na viwili
kabla redio haijamaliza taarifa ya habari.

Napima. Kijiti kizidi urefu wa kisu:
kinazidi, vidole vinne.
Mpini uwe na kinga ya kidole: ipo.
Pete ya kutundikia, mbali na ile sakafu: ipo.
Nasimamisha ncha juu ya kaunta, nateremsha kisu
kama mtu anayemenya ganda jembamba la hewa,
kushoto, kulia, bila kukandamiza.
Hakilii. Kinanong'ona.
Nyanya ya kwanza inafunguka kwa uzito wa kisu tu.
Yoeli anaacha kucheka,
ya pili anaikata mwenyewe.

Elfu ishirini na mbili.
Nampa ishirini na nusu ya nyanya.

Nyumbani Sechelela anakitazama, ananyamaza,
anakwenda kabatini, anakipindua kikombe cha chai.
Ananionyesha duara la kitakoni, lisilong'arishwa,
lenye michirizi ya kijivu ya miaka na miaka.
"Mama alinolea hapa. Mimi pia, ulipokuwa Mpwapwa.
Umenunua kikombe kirefu."

Sina jibu. Nakitundika kikombe kirefu msumarini.

Kesho yake, nikifagia uani, nasikia ubao:
ko, ko, ko,
kisha kimya, kisha ule mnong'ono,
kushoto, kulia,
kisha ko, ko, ko.

Nimeendelea kufagia mahali palepale.