Dawa ya Moto

Nilifika Shabab gari likikohoa,
magunia kumi ya viazi vya Molo mgongoni,
na neno langu nimelishika kama nauli:
"Hiyo vali izibe. Kata bati, ziba, nikauze viazi."

Fundi Tallam hakujibu. Alilegeza boliti tatu;
ya nne ikagoma, akaitukana kwa upole
kwa lugha ya mamake.
Kisha akaitoa vali, akaniwekea kiganjani.
Nyeusi. Nzito kuliko umbo lake.
Masizi yameshikana na mvuke wa oili
kama uji wa wimbi ulioungulia sufuriani.

"Unajua kazi yake?"
"Kunimalizia pesa."
Mukiri, mwanagenzi, alicheka hadi spana ikamponyoka.

"Mwalimu, dizeli haingoji cheche.
Hewa hubanwa mpaka ipandwe na hasira,
mafuta yakirushwa humo, yanawaka.
Lakini moto ukizidi silindani,
nitrojeni, inayokaa kimya siku zote
kama mgeni asiyejua mtu harusini,
huishika oksijeni mkono,
na mtoto wao ni gesi ya kukwaruza vifua.
Nasi tumekaa ndani ya bakuli,
Menengai huku, ziwa kule.
Moshi wa asubuhi hapa Nakuru
hauna haraka ya kuondoka."

Akachora kwa kidole chenye grisi
juu ya boneti niliyoiosha jana:

"Vali hufunguka kidogo.
Moshi kiasi hugeuzwa njia kabla ya ekzosi,
ukapita kwenye kipoozeo,
ukarudi mlangoni kuingia tena na hewa mpya.
Umekwisha kuungua, hauna njaa.
Unakalia kiti cha oksijeni, unakunywa joto,
moto unateremka ngazi.
Husemwa dawa ya moto ni moto.
Humu ndani, mwalimu,
dawa ya moto ni moshi wake mwenyewe."

"Na mlimani?"

"Ukikanyaga hadi mwisho, inajifunga.
Huko injini inadai hewa safi yote.
Masizi haya si ya Mau Summit.
Ni ya gia ya pili: sokoni, kanisani,
injini ikinguruma kivulini
ukibishania bei ya debe."

Miaka thelathini nilisahihisha watu.
Nikanyamaza.
Nikamkumbuka Moraa, mke wangu,
anavyonirudishia maneno yangu jioni,
yamepoa,
kabla sijawaka mara ya pili.

Mukiri aliisugua vali kwa mswaki mkuukuu,
petroli ikitiririka nyeusi kwenye mkebe.
Gari likawaka, likatulia.
Nililipa. Chenji ikarudi
na alama ya kidole gumba.

Lile bati, lilikuwa limeshakatwa,
nikaondoka nalo.

"La kuziba nini?" Moraa akauliza mlangoni.

Nikafungua mdomo.
Kidogo tu.