Namba ya Kazi

Jumatano karani aliuliza tena: namba ya kazi.
Nikamtajia ile niliyoizoea kuliko jina langu,
nne moja mbili saba, Mukalayi Nkulu,
mvisha-mabomba, tanuru la pili.
"Si ya marehemu, mama. Yako wewe."

Mimi sina.
Sikuwahi kupita lango la Kampuni
ila siku za posho, na siku ya kuchukua maiti.

Lakini mapafu ni yangu.
Daktari aliyatundika kwenye taa, ile picha wanayoiita radio,
radio isiyoimba, isiyotoa hata tangazo la msiba,
akanionyesha kwa ncha ya kalamu: hapa, na hapa,
weupe kama ukungu wa mwezi wa sita juu ya mto Lubumbashi.
Akauliza nilifanya kazi wapi.
Nikasema: Katuba, uani, kwenye karai.

Maana bwana aliyavisha mabomba
pamba ya mawe, amianti, pamba isiyoshika moto,
na jioni akarudi kwa baiskeli, mweupe hadi kope.
Watoto wakamkimbilia, "Baba kazeeka njiani!"
wakamkumbatia miguu.
Tulicheka sote, vinywa wazi.

Mimi nikaivua ile ovaroli, nikaikung'uta ukutani
mara tatu, kwa nguvu, kama mke anayejiheshimu,
kwani Mama Chishimba alikuwa akiichungulia kamba yangu ya nguo,
na nguo ya mfanyakazi ndiyo uso wa mkewe.
Kung'uta, loweka, sugua kwa jivu sabuni ikikosekana.
Kila Jumamosi. Miaka ishirini na miwili.
Piga hesabu, karani, mashine unayo.

Wakili wetu Kaumba, kijana, viatu safi,
anasema Kampuni itajibu: mama huyu hatumjui.
Anasema mafaili yalilowa mvua.
Mvua yenye akili hiyo,
ilolowesha ya wagonjwa ikayaacha ya madeni.
Anasema kipo kifungu, huenda kikatufaa, huenda,
cha asiyeajiriwa lakini aliyedhurika.
Nimelipenda neno hilo, aliyedhurika.
Lina pumzi ndefu kuliko yangu.

Wenzangu wa benchi wanataja dola.
Mmoja ana ada za wajukuu, mmoja anataka kulipa deni la jeneza.
Mimi nataka bati, nisijifanye malaika,
bati la chuma, si yale mabamba ya kijivu
yaliyotufunika tangu harusi.
Na kabla ya bati nataka mtu wa Kampuni
alisome jina langu mbele ya hakimu, kwa sauti, bila kukosea:
Kabange Umba,
mfuaji.

Karani aliacha kisanduku kitupu, akagonga muhuri.

Chini ya kitanda ipo ovaroli ya mwisho,
ndani ya mfuko wa plastiki uliofungwa mara mbili.
Bwana aliivua siku alipotema damu,
sikupata nafasi ya kuishika.
Wakili ameniapisha: huo ni ushahidi,
usiufungue, usiifue, mama, hata ikinuka.

Leo ni Jumamosi.
Maji yapo bombani tangu alfajiri,
majirani wanagonganisha ndoo.
Nimeikalia mikono yangu.