Karata ya Sabini na Nane

Mgeni wa chumba namba tisa aliondoka na boti ya alfajiri
akasahau, chini ya mto, kifurushi kilichofungwa leso.
Niliandika daftarini: "Karata, pakiti moja. Mwenyewe hajaja."
Miezi minne sasa, hajaja.
Na zamu ya usiku, hapa gesti ya Kirumba, ni ndefu;
baada ya saa sita hata mbu wa ziwa wanapiga miayo.

Nikazihesabu. Sabini na saba.
Kijitabu kinadai sabini na nane.
Saba ya Vikombe haipo.

Kijitabu ni cha Kiingereza, nakisoma kwa kamusi ya mdogo wangu.
Kinasema: anza na moja kila siku, acha pupa.
Jumatatu, Aliyetundikwa: kaning'inia kwa mguu mmoja, uso mkunjufu,
kama sangara kwenye mizani ya Mwaloni
asiyejua bei yake.
Jumanne, Mnara: radi, moto, watu wanaruka madirishani.
Nikacheka peke yangu. Mimi nimezaliwa Mabatini;
nyuma ya nyumba yetu lipo jiwe kubwa kuliko kanisa
limeegemea jiwe dogo kuliko choo,
na mama anaanika udaga mgongoni mwake.
Anayetaka kututisha kwa kuanguka
atafute picha nyingine.

Jumatano sikuelewa kitu.
Alhamisi pia.

Maana nilizikariri kama jedwali la kuzidisha:
Panga ni fikra, Vikombe ni moyo, Fimbo ni ari, Sarafu ni sarafu.
Karata ikija kichwa chini, maana nayo hupinduka,
au huchelewa, au hugeuka aibu. Kijitabu hakina msimamo.
Babu mzaa baba, kule Magu, alisoma kuku:
alimpasua, akatazama bawa, akatazama ini, akanyamaza.
Nami najifunza kunyamaza kwanza. Ndiyo sehemu ngumu.
Angalau mimi sichinji.

Wa kwanza kumsomea ni Holo, muuza mabondo.
Alikuja kuchaji simu, akaziona, akataka habari za Lugembe
aliyevuka kwenda Ukara na fedha za kikoba.
Nikachanganya. Vidole vikatetemeka, mbili zikaanguka sakafuni;
kijitabu hakisemi lolote kuhusu sakafu.
Nikatandika tatu kaunta, kati ya funguo na dawa ya mbu.

Ya kwanza, Nyota: mwanamke uchi, mitungi miwili, anamwaga maji.
"Huyu," akauliza Holo, "bili ya maji analipiwa na nani?"
Ya pili, Kifo, juu ya farasi mweupe.
Nikawahi kumtuliza: si kifo chenyewe, ni mabadiliko, ni mlango...
Holo akaitazama kama anavyotazama noti ya elfu kumi.
"Namjua. Ni bwana mkopo. Siku hizi anakuja na bodaboda."
Ya tatu, Mbili ya Vikombe. Nikafungua mdomo.

Umeme ukakatika.

Gizani tukasikia ziwa likilamba mawe,
na Holo akilia bila sauti, au akicheka,
nami sikuwa na karata ya kutofautisha.
Sikusema kitu. Nasisitiza: sikusema kitu.

Leo jioni amerudi na bondo, kalifunga gazetini.
"Ulichoniambia nimekifanya," akasema, "hivyo hivyo."
Umefanya nini? Hakukaa nimuulize.
Alikuwa amevaa viatu vya safari.

Sasa ni saa tisa. Nimeliinua bondo kwenye taa:
dogo, kavu, rangi ya asali,
na ndani yake vijistari vinapita
kama njia za mji ambao sijafika.
Nimelichomeka katikati ya pakiti.
Linatokeza pembeni, linanuka samaki,
yeyote atajua ni lipi kabla sijalifunua.

Nachanganya tena.