Mdhamini

Kijana wa benki ya Wete aligeuza kioo cha mashine
akanionesha jina langu:
Mize Faki Shaame,
na ubavuni mwake doa jekundu, dogo,
kama palipoumwa na mbu.

“Bibi, historia yako mbaya.”

Historia! Mimi?
Skuli ya Limbani, historia nilikuwa wa pili.
Nikamwambia, sijapata kukopa hata chumvi.
“Hukukopa,” akasema. “Ulidhamini.”

Hapo nikakaa kimya.

Mwaka ule mikarafuu ilipozaa hadi matawi yakainama,
Ngwali, mtoto wa mama yangu mdogo,
alikodi miti arubaini Mtambwe kwa pesa ya benki.
Akaja na karatasi jikoni,
mimi nina unga hadi viwikoni.
“Tia saini tu hapa, dada, ni desturi.”
Nikatia. Kidole changu kikaacha alama nyeupe chini ya jina.

Karafuu zikachumwa, zikachambuliwa, zikaanikwa,
njia nzima ikanukia.
Kisha mvua, siku tisa.
Majamvi yakaloa juu na chini, karafuu zikageuka mpeta,
Ngwali akapanda meli ya Tanga
na simu yake ikawa haipatikani.
Benki wakaandika walichoandika.
Mvua hawakuiandika.

Na mimi sitaki makubwa.
Nataka keri, ile gari ndogo ya mzigo yenye uso wa chura,
boflo zangu zifike Konde zingali na joto.
Baiskeli ya kukodi inafika saa tatu,
watu washakunywa chai yao kwa muhogo.

“Labda umpate mdhamini,” akasema kijana.
Nilicheka mpaka mlinzi akachungulia.

Basi nikashuka Chake, kwa Mselem muuza magari.
Yeye hana mashine. Ana macho.
Akatazama mikono yangu, akatazama kandambili zangu,
akauliza, “Faki yupi? Yule fundi wa matanuri?”
Kisha akakuna kidevu, akataja masharti:
milioni mbili mkononi, laki moja kila Alhamisi,
kadi ya gari abaki nayo, na ufunguo wa pili.
Nikikosa Alhamisi mbili anaichukua,
hata ikiwa na mikate ndani.

Gari ya milioni sita, nikahesabu kwa vidole,
kwangu imekuwa tisa.
“Hiyo si riba, bibi,” akasema. “Ni bei.”
Sikubishana naye.
Aliyechafuka jina hulinunua tena kwa kilo,
na mizani si yake.

Safari hii nilinawa mikono kabla ya kutia saini.

Ikaja keri, ikasimama mlangoni, nyeupe, mlango mmoja wa buluu.
Watoto wakaipigia honi hadi magharibi.
Ndipo nikakumbuka kuwa kuendesha sijui.
Na katika ukoo wetu mzima mwenye leseni ni nani?

Alirudi mwezi wa Shaabani, kakonda,
akasimama kwenye mlango wa jiko, kofia mkononi.
Samahani hakusema.
Alisema, “Dada, nasikia una gari.”

Sasa kila alfajiri tunakwenda, yeye na usukani,
mimi na kapu la mwisho mapajani, lile lisiloenea nyuma.
Anazungumza mpira. Nahesabu Alhamisi.
Zimebaki arubaini na moja.

Jana Konde, mwanamke nisiyemjua vizuri
aliomba boflo mbili mpaka mwisho wa mwezi.
Ngwali akageuza uso, akafuta kioo ambacho hakikuwa na vumbi.

Nikatoa daftari.
Nikaandika jina lake, boflo mbili, tarehe,
na pembeni, kwa herufi ndogo:
mume kalazwa.