Nusu Sekunde

Dukani, mtaa wa Cedofeita, hapa Porto,
kilikaa nyuma ya kioo kisanduku cheusi
cha kutiririsha muziki. Euro mia tisa.
Muuzaji akanitazama viatu kwanza.
Viatu nimeshona mwenyewe. Sikumwambia.
Nilisema asante, nikateremka na mvua.

Mia tisa! Kwa fedha hiyo
ningenunua friji, na samaki wa kuweka ndani.

Nikaanza kudonoa, punje kwa punje:
bodi ndogo ya kompyuta, upana wa kitambulisho,
kwa kijana aliyechoka kuichezea;
kioo cha kugusa cha inchi saba, chenye ufa konani
(ufa utafichwa na fremu, nilipima);
kadi ya sauti, ambayo senti zake nilizihesabu mara mbili;
kadi ya kumbukumbu, ndogo kama ukucha,
iliyopotea siku mbili
ikaonekana ndani ya kopo la vifungo.
Kasha nikalikata kwa ubao wa gamba la vizibo,
mabaki ya kiwanda cha shemeji, laini kwa kisu.
Miaka thelathini na mmoja nimekata ngozi za viatu.
Kona ni kona.

Mpwa wangu Valdemar alicheka:
"Shangazi Deolinda, hata simu yako inakushinda."
Kweli. Lakini simu sikuiunda mimi.

Usiku wa kwanza kioo kilikuwa cheusi tii.
Wa pili kikawaka, maandishi kichwa chini miguu juu, kama popo.
Wa tatu nikajiunguza kwa chuma cha kulehemu,
nikatukana hadi Ilídio akacheka chumbani,
kicheko cha upande mmoja wa mdomo,
cha kwanza tangu kiharusi.
Nikaona lengelenge hilo nimelipata kwa bei nafuu.

Santuri zake ni mia na kumi na nane.
Mkono wake hauwezi tena kuteremsha sindano;
unatetemeka, na sindano haisamehe.
Basi majira yote ya baridi nilizihamisha, moja moja,
kwa kasi yake ile ile, maana wimbo hauharakishwi:
dakika ishirini upande huu, geuza,
kanda unga, geuza, piga pasi mashati, geuza.
Programu ikaniuliza kama nataka isafishe mikwaruzo.
Safisha, nikasema. Safisha. Safisha.
Ila ile ya jalada la kijani, wimbo wa tatu,
pale aliponishika kiuno, mwaka themanini na tatu,
akagonga meza kwa nyonga na sindano ikaruka.
Hapo nikabonyeza hapana.

Siku ya kumkabidhi, alikigusa.
Kidole kikatetemeka, kioo kikahesabu miguso mitano:
cheza, simama, cheza, simama, cheza.
Akarudisha mkono chini ya blanketi
kama mtoto aliyevunja kikombe.

Sikusema kitu. Nilisubiri alale,
nikarudi kwenye mistari ya maagizo
ambayo Valdemar alinifundisha kusoma (sasa hacheki),
nikatafuta namba moja, nikaibadilisha:
baada ya mguso wa kwanza, ewe kioo,
jifanye kiziwi kwa nusu sekunde.
Mwache mtu amalize kutetemeka.

Nusu sekunde tu.
Foleni ya benki haimpi.
Dirisha la dawa halimpi.
Hata mimi, siku nyingine, nikimvalisha soksi, simpi.

Asubuhi alikigusa tena. Jalada la kijani.
Kisanduku kikatulia kidogo, kana kwamba kinavuta pumzi,
kisha gitaa likaingia jikoni.
Wimbo wa tatu ulipokaribia pale,
kabla haujafika, aliinua kidole hewani,
kidole kile kile,
na mkwaruzo ukaruka chini yake kama umeitwa.

Gharama yote: euro mia na kumi na mbili, senti arobaini,
bila skrubu, ambazo niliazima na sirudishi.
Valdemar anataka cha kwake.
Nimemwambia aje na ubao.