Rejeo la Kumi

Kamati inataka namba kabla ya Ijumaa saa sita.
Haitaki maneno. Maneno, wamesema, yapo tele.

Basi mimi, mkutubi wa ghorofa ya chini, Tartu,
mwezi wa pili, mto umeganda
na bata wanatembea juu yake kama wenye nyumba,
nimekaa kumtafuta Maimu Kõresaar,
daktari wa watoto njiti, miaka thelathini na minne kazini.

Mashine inanipa wanawake watatu.
Wa kwanza ni Lepasalu, jina la kwao kabla ya ndoa.
Wa pili Kõresaar, mwenye wimbi dogo juu ya herufi.
Wa tatu Koresaar: wimbi limemdondoka
katika mitambo ya ng'ambo, na nusu ya maisha pamoja nalo.
Yupo na wa nne, mwanamume, anapima ukungu wa viazi;
huyo nimemwomba radhi, nikamtoa.

Nimewashona watatu wawe mmoja.
Ni kazi ya sindano zaidi ya hesabu:
hapa pengo la uzazi, hapa pengo la mama yake aliyeugua,
hapa makala mbili zilizotoka wiki moja
kama mvua iliyokuwa imezuiliwa.

Kisha nikahesabu.
Sharti ni makala kumi, kila moja iwe imenukuliwa mara kumi.
Tisa zimepita.
Ya kumi imenukuliwa mara tisa.

Haba na haba hujaza kibaba, sawa,
ila kibaba cha kamati kina mdomo wake.

Iliyonukuliwa kuliko zote, mara mia mbili na sita,
ni ile aliyokosea. Wanamtaja ili wamsahihishe.
Kofi la shavuni, makofi ya pongezi:
kwa mashine yote ni kofi, na yote yanajumlishwa.

Na hiyo ya kumi? Kurasa nne tu.
Kipimo cha kafeini kwa mtoto anayesahau kupumua.
Jedwali lake nililiona kwa macho yangu, Võru,
limebandikwa kwa plasta juu ya sinki la wauguzi,
kona imelowa, jina limekatwa kwa mkasi ili karatasi itoshe.
Usiku ule binti yangu, gramu mia tisa na arobaini,
alisahau mara kumi na moja.
Muuguzi alitazama ukutani, akasoma, akavuta dawa.
Hakumtaja mtu.

Jana Maimu alipita kurudisha kitabu,
theluji inamyeyuka viatuni.
"Umefika ngapi?"
"Bado nahesabu," nikadanganya.
"Hesabu taratibu," akasema, "nina miadi na mtu wa kilo moja."

Leo Alhamisi. Kwenye fomu nimeandika tisa.
Shairi halimo katika majarida yanayotambuliwa;
najua, orodha hiyo naitunza mimi.
Lakini mkono umezoea, nukta na koma mahali pake:

Kõresaar, M. (ndiye Lepasalu, M.; ndiye Koresaar, M.).
Kafeini na pumzi ya mtoto njiti: jedwali la wodini.
Kurasa nne.
Imenukuliwa Võru, usiku mmoja,
mara kumi na moja.